Kompyuta Zilizojibiwa na Mgeni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kuziamsha kompyuta za shule. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Watu wote, hata walimu, walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alipita kati ya meza na kitambaa cha vumbi mkononi, akibonyeza vitufe na kuzisalimia kompyuta moja moja kama mama anayeamsha watoto.

"Amka wewe, jua limetoka. Na wewe wa dirishani, acha uvivu."

Kompyuta hizo hazikuwa mpya. Ofisi moja iliyohama ndiyo iliyozitoa bure, lakini kwanza iliondoa diski zote, kwa kuwa diski ndizo zilizobeba siri za ofisi. Zikafika shuleni kama vichwa visivyo na kumbukumbu. Aliyezirudishia uhai ni fundi wa kompyuta, mwanamke mpole asiyependa kupaza sauti, ambaye pia alikuwa mama mdogo wa Chiriku. Nyumbani Chiriku alimwita mama mdogo. Shuleni alitakiwa kumwita Fundi kama wenzake.

Diski nyingine hazikupatikana. Kwa hiyo Fundi alichomeka nyuma ya kila kompyuta flashi ndogo yenye programu ya kuwashia kupitia mtandao. Programu hiyo ilikuwa huria: mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwingine. Fundi aliisoma taratibu, akaielewa, akaitengenezea menyu ya Kiswahili. Kompyuta ilipowashwa ilionyesha kioo cheusi chenye herufi nyeupe, ikasubiri kidogo, kisha menyu ikatokea: Masomo, Mazoezi, Matengenezo.

"Huwa inasubiri nini pale?" Chiriku aliwahi kuuliza.

"Inaita," Fundi alijibu. "Kompyuta isiyo na diski ikiamka haijui hata inakaa wapi. Inapiga kelele kwenye waya: Jamani, nani atanipa anwani? Nani ataniambia faili langu liko wapi? Seva yetu, ile kompyuta kuu pale mezani, inaitika: Anwani yako hii hapa, na faili lako liko kwangu, njoo ulichukue."

"Kumbe nazo zina makelele kama mimi!"

"Zinakushinda kwa jambo moja tu. Zikijibiwa, zinanyamaza."

Asubuhi moja Chiriku alibonyeza vitufe kama kawaida, ila kwa haraka kuliko siku zote. Mchana wa siku hiyo kamati ya wazazi ilikuwa inakuja kuwatazama wanafunzi wakifanya jaribio la vitendo. Baadhi ya wanakamati walikuwa wameshachoka na habari za kompyuta kuukuu. Walitaka chumba kile kiwe stoo ya madawati na kompyuta zigawiwe yeyote atakayezitaka. Mwalimu Mkuu aliwaomba waje waone kwanza, ndipo waamue. Fundi naye, jioni iliyotangulia, alikuwa ameongeza neno jipya kwenye menyu: Jaribio.

Kompyuta ya kwanza ilileta menyu. Ya pili ikaleta. Ya tatu ikabaki nyeusi, na chini ya kioo yakatokea maneno ya kusema kwamba hakuna cha kuwasha. Ya nne vilevile. Chiriku alizima ya tatu na kuiwasha tena, nayo ikaamka bila shida. Alipojaribu kuiwasha upya ile ya kwanza, sasa yenyewe ndiyo iligoma.

"Fundi! Njoo uone, zinacheza kombolela!"

Fundi alikuja, akatazama, akawasha na kuzima. Alipiga magoti na kuanza kukagua nyaya, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya zote za chumba zilikutana. Nyaya zote zilikuwa nzima.

Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni. "Shwari humu?"

"Si shwari sana, Mwalimu," Fundi alisema. "Nyingine zinawaka, nyingine zinakataa."

"Kamati inafika baada ya chakula cha mchana." Mwalimu Mkuu alishusha pumzi. "Mimi nimesema yote niliyoweza kusema, Fundi. Sasa waliobaki kusema ni hao," akazinyooshea kompyuta kidole, "na naona wamefunga midomo." Akaondoka polepole, mikono nyuma.

Fundi alikaa mbele ya seva, akajishika shavu. "Tufikiri vizuri," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Jana mchana zote zilikuwa zinaamka. Leo zinagoma. Kati ya jana na leo, ni nini kilichobadilika humu ndani? Ni kitu kimoja tu: maagizo niliyoyaandika jioni. Basi kosa ni langu. Itabidi niyafute yote, nirudishe ya zamani."

"Ukiyafuta, na jaribio je?" aliuliza Chaji. Huyu alikuwa rafiki wa Chiriku, mvulana aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kuzunguka shule nzima akitafuta pa kuchomeka simu ya kaka yake.

"Jaribio halitakuwepo," Fundi alijibu. "Lakini angalau kompyuta zitawaka, kamati ione zinawaka."

Chiriku alijua kitu ambacho Fundi hakukijua. Vilivyobadilika chumbani humo havikuwa kimoja. Vilikuwa viwili.

Jana, baada ya masomo, yeye na Chaji walikuwa wameleta ruta ya zamani, kisanduku cha kugawa mtandao, kutoka nyumbani kwa kina Chiriku, ile iliyokaa juu ya kabati la nguo tangu familia ilipopata nyingine. Walitaka kumshangaza Fundi kwa kuweka mtandao usio na waya, ili walimu wasomee masomo kwenye simu zao. Nyuma ya kabati la vitabu palikuwa na waya wa akiba uliotoka kwenye swichi. Waliuchomeka kwenye ruta, taa zikawaka, lakini simu ya kaka yake Chaji haikupata mtandao wowote. "Imekufa hii," Chaji alisema. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, nao wakaiacha palepale wakisema wataitoa kesho. Kompyuta zilizokuwa zimewaka wakati ule ziliendelea na kazi kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Chiriku alimvuta Chaji hadi karibu na dirisha. "Ile ruta," alinong'ona.

"Ruta gani? Ile imekufa, bwana. Kitu kilichokufa kitaharibu nini?"

"Sasa kama haina ubaya, mbona unaogopa nikisema?"

"Nani anaogopa? Mimi nasema tuitoe kimyakimya wakati wa mapumziko. Ukisema, tutafukuzwa kwenye klabu ya kompyuta wote wawili. Wewe mdomo wako siku zote unatuletea balaa. Leo siku moja tu, ufunge!"

Chiriku akaufunga. Ilikuwa ajabu jinsi kunyamaza kulivyomlemea yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Alimwona Fundi akibonyeza, akifuta mstari, akisoma, akifuta mwingine. Neno Jaribio likatoweka kwenye menyu. Kazi ya jioni nzima ilikuwa inakwenda na maji, na Fundi hakulalamika hata kidogo. Alijilaumu tu kwa sauti ya chini: "Nilikosea wapi jamani? Mbona nilikuwa makini?"

Hapo Chiriku akashindwa.

"Mama mdogo." Neno lilimponyoka, kanuni za shule akazisahau. "Hujakosea. Ni sisi... ni mimi. Nyuma ya kabati la vitabu kuna ruta. Niliichomeka jana. Nilidhani imekufa."

Chaji alishika kichwa kwa mikono miwili. Fundi aligeuka taratibu kwenye kiti. Chiriku alisubiri kufokewa, ila sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kila siku.

"Taa zake zinawaka?"

"Zinawaka."

Chiriku alikuwa ameshaanza kukimbilia kabatini aing'oe, lakini Fundi alimzuia kwa mkono. "Ngoja. Ukiing'oa sasa hivi, tutajuaje kama ndiyo yenyewe? Nimeshajihukumu bila ushahidi asubuhi hii, sitaki kuihukumu na ruta. Washa hiyo kompyuta inayogoma, unisomee namba za anwani iliyopewa."

Chiriku aliwasha, akasoma kutoka kwenye kioo cheusi. Fundi akatikisa kichwa. "Anwani hiyo si yangu. Seva yangu haigawi namba za namna hiyo. Mmeelewa kinachotokea? Kompyuta inaita: nani atanipa anwani? Humu ndani sasa wanaitika wawili. Seva ikiwahi, kompyuta inapewa anwani na kuelekezwa faili liko wapi. Ruta ikiwahi, inatoa anwani tu, maana habari za faili haina. Kompyuta inabaki imeduwaa, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda na mwenyeji asiyejua jikoni ni wapi."

"Kwa hiyo haijafa!" Chaji alisema.

"Ni nzima kuliko wewe. Sasa nenda ukaichomoe."

Chaji alijipenyeza nyuma ya kabati, akatoka na ruta mkononi na utando wa buibui kichwani. Chiriku aliwasha kompyuta upya. Kioo cheusi, herufi nyeupe, kusubiri kidogo... kisha menyu ikatokea. Aliwasha ya pili, ya tatu, ya nne. Akapita meza zote mbiombio mpaka kompyuta ya dirishani, ile mvivu. Nayo iliamka. Hakuna hata moja iliyogoma. Chiriku aliketi sakafuni, akacheka, huku machozi yakimtoka bila kujua yametoka wapi. Alihisi kama mtu aliyetua mtungi wa maji baada ya kupanda mlima.

"Inuka," Fundi alisema, naye akitabasamu. "Bado tuna kazi mbili. Mimi nirudishe maagizo niliyoyafuta. Wewe uende kwa Mwalimu Mkuu."

"Mimi? Kwani si umeshatengeneza?"

"Nimetengeneza kompyuta. Habari ni yako, kaipeleke mwenyewe."

Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Huyo rafiki yako yuko wapi?"

"Yuko nyuma yangu, shikamoo Mwalimu," Chaji alijibu kwa sauti nyembamba kutoka mlangoni.

"Marahaba. Ingia basi, au na wewe unangoja kupewa anwani?" Mwalimu Mkuu alisema, na ingawa uso wake haukucheka, mabega yalicheka. Adhabu aliwapa: kila waya wa chumba kile waufunge karatasi inayoonyesha unatoka wapi na unakwenda wapi. Wote wawili waliitikia kwa haraka iliyomshangaza.

Kamati ilipofika baada ya chakula, neno Jaribio lilikuwa limerudi mahali pake. Wanafunzi walikaa, wakachagua, wakaanza. Kwa muda kilichosikika ni milio ya kibodi tu, kama mvua nyepesi juu ya bati. Mama mmoja wa kamati, aliyeingia amekunja uso, alisimama nyuma ya binti aliyekuwa akichora jedwali, akasahau kuondoka. Mwishowe alimuuliza Fundi, "Hizi ndizo mnazosema hazina diski?"

"Hazina, mama. Zinaazima akili ya ile moja."

"Basi madawati yatafutiwe mahali pengine," mama yule akasema, na wenzake wakaitikia.

Wanafunzi walipoondoka, Fundi aliwaita Chiriku na Chaji mbele ya kompyuta yake. Alifungua ile programu ya kuwashia, mahali ambapo maagizo yake huandikwa. "Kwa kuwa ni huria, haitulazimishi kukaa na udhaifu wake. Tutaiandikia hivi: ukipewa anwani, tazama kama imetoka kwa seva yetu. Kama haikutoka kwake, usiduwae. Sema, kisha uite tena. Chiriku, mdomo unao. Niambie kompyuta iseme nini."

Chiriku alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja: *Nimejibiwa na mgeni. Tafadhali mwite Fundi.*

Walijaribu kwanza kwenye kompyuta moja peke yake. Waliichomeka ruta makusudi, maneno yakatokea kiooni vilevile yalivyoandikwa, na Chaji akapiga makofi. Ndipo Fundi akakubali yaingizwe kwenye flashi zote.

"Mama mdogo," Chiriku aliuliza wakifunga madirisha, "mbona hukunifokea?"

Fundi alifunga dirisha la mwisho kwanza. "Kuchomeka ruta lilikuwa kosa la mtu anayependa kujaribu, na anayejaribu hukosea. Mimi pia nilijifunza hivyohivyo. Kilichoniumiza ni ule muda mliojua, mkanyamaza. Nilikuwa natafuta ugonjwa, na dalili moja mlikuwa mmeificha mfukoni. Matokeo yake nikaanza kukata mguu mzima ili kuponya mkono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nyingine ukigusa kitu, hata ukidhani hakina maana, sema umekigusa. Anayetafuta kosa hahitaji mtu asiyekosea, mwanangu. Anahitaji mtu anayemweleza ukweli mapema."

"Nitasema," Chiriku alijibu.

Na mara hii, bila kulazimishwa na mtu, hakuongeza neno jingine.