Kiganja Kilichosita

"Mama Kijacho, umelala humo bafuni?" mumewe aliuliza nje ya mlango.

Mkewe alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, gauni limekunjwa hadi kiunoni, akijizungushia pajani nailoni ya kufunikia vyakula. Chini ya nailoni krimu iliwasha kama pilipili.

"Natoka."

"Nauliza tu. Mtoto anacheza?"

"Anacheza."

"Haya. Chakula nimefunika mezani."

Nyayo zikaondoka. Siku hizi waliongea hivyo, kama wapangaji wawili waliokutana koridoni.

Zamani haikuwa hivi. Mumewe alikuwa fundi plasta, mtu asiyeweza kuupita ukuta bila kuupapasa. Hufumba macho, kiganja kikatembea, kikifika penye bonde husita. Hata siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliupapasa ukuta wa sebule, mpaka baba mkwe akauliza, "Kijana, umekuja kwa binti au kwa ukuta?" Walicheka wote, na binti akampenda palepale.

Lakini jioni moja, ujauzito ukiwa umeshakua, kiganja hichohicho kilipita pajani mwake. Kilipofika pale ngozi ilipoanza kuwa na vishimo vishimo, kikasita. Kisha kikaondolewa. Kesho yake fundi akahamishia godoro dogo sebuleni.

"Upate nafasi," alisema. "Tumbo limekua."

Wiki hiyohiyo mkewe akamsikia akiongea na fundi mwenzake kwenye simu: "Nimeubomoa wote! Vishimo kama ganda la chungwa, nani atauvumilia?"

Alijua fika kwamba ni ukuta unaosemwa. Bado aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia na mto mdomoni. Tangu hapo akawa anavaa magauni marefu, anazima taa kabla ya kubadili nguo, na anamwandikia dada yake.

"Dada, ile krimu mbona haioneshi kitu?"

"Ifunge na nailoni ikae. Na chakula cha usiku acha. Wanaume macho yao hayana subira, mdogo wangu."

Kliniki, mkunga alimpima uzito, akakunja uso. Alipomwomba apande kitandani, gauni likapanda kidogo.

"Mama, nani amekuunguza hivi?"

"Krimu tu. Ya kuondoa hivi vishimo."

"Ina nini ndani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, ndiyo maana naogopa. Krimu nyingine zina dawa zisizomfaa mjamzito. Leo unaiacha. Na nailoni pia." Mkunga akavuta kiti. "Hii inaitwa selulaiti. Ni mafuta ya kawaida chini ya ngozi, yanasukuma juu huku nyuzi za ndani zikivuta chini. Wanawake wengi tunayo. Mimba inabadilisha homoni, mwili unatunza maji na mafuta, basi inaonekana zaidi. Si ugonjwa, wala si uchafu."

"Itaondoka?"

"Huenda ikapungua ukishajifungua, huenda ikabaki kidogo. Sikudanganyi. Tembea taratibu jioni, kunywa maji, kula vizuri. Kujinyima chakula, marufuku. Uzito wako haujapanda tangu ulipokuja mara ya mwisho. Mtoto anataka kula, yeye paja lako halimhusu."

Mke wa fundi alicheka, halafu machozi yakamtoka.

"Mume wangu ni fundi plasta," akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. "Mkono wake ulisita. Akahama chumba."

"Umemuuliza kwa nini?"

"Nimuulizeje? Akisema ndiyo?"

"Utakuwa umejua. Saa hizi hujui, na umeshajiunguza."

Kwenye benchi la nje aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: "Siku ile uliponigusa mkono wako ulisita. Ni kwa sababu ya vishimo? Niambie ukweli nipumzike."

Jibu likaja: "Nakuja nyumbani. Usilie njiani."

Alimkuta ameshafika, saruji bado kwenye nyusi, ameketi kwenye lile godoro.

"Vishimo ninavijua siku nyingi," akaanza. "Nina macho."

Mkewe akasimama palepale mlangoni.

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Ukuta naubomoa kwa sababu mwenye nyumba ameagiza ulionyooka. Wewe nani alikuagiza unyooke?"

"Sasa mbona ulisita?"

Fundi akafungua viganja. Vilikuwa vimepasuka mistari mistari, kingo za nyufa ngumu kama msasa.

"Saruji imenila. Nilisikia ufa umenasa kwenye ngozi yako. Halafu ukashtuka."

"Nilishtuka kwa sababu ulisita!"

"Mimi nikadhani nimekuumiza. Nikasema, mwanamke anabeba mtoto wangu, mimi namkwaruza."

Akanyanyua kona ya godoro. Chini yake palikuwa na kopo la mafuta ya mgando na soksi mbili zilizolowa mafuta.

"Nalala nimezivaa mikononi. Ningevaa kitandani kwetu ungenicheka mpaka ujifungue."

Mkewe alizitazama zile soksi. Yeye na nailoni nyuma ya mlango, mumewe na soksi sebuleni, na ukuta mmoja tu katikati.

"Ningekucheka kweli," akasema. "Ningekucheka, halafu nisingekuwa peke yangu."

Fundi akainamisha kichwa. "Nami hivyo hivyo."

Mkewe akakaa kando yake polepole, akivuta gauni juu ya goti, mchana kweupe, dirisha wazi.

"Kwanza tazama nilivyojiunguza."

Alitazama. Akainama, akapapuliza taratibu palipoungua.

"Sasa lete mkono. Hapa juu, pasipouma."

"Bado haujalainika. Utakukwaruza."

"Unikwaruze."

Akafumba macho, kama afanyavyo kazini. Kiganja kikaanza kutembea.

"Fundi," mkewe akauliza, "umekuja kwa binti au kwa ukuta?"

"Kwa binti," akajibu. Kiganja kikafika penye vishimo, kikakwaruza kidogo, kikapita.