Upepo wa Saa Tisa

Saa tisa alasiri, Jumatatu tarehe 2 Juni 1975, kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya mlingoti kilikuwa kimenyooka kuelekea mashariki. Maana yake ilikuwa moja tu: upepo ulitoka upande wa ziwa. Bhoke Marwa, msichana wa darasa la sita, aliandika hivyo katika daftari, kisha akateremka kilimani kwenda nyumbani.

Kijiji cha ujamaa cha Itabunya, wilayani Tarime, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na hakikuwa na zahanati. Daktari alikuwa tayari kuja kwa ndege ndogo mara moja kwa mwezi, alasiri, iwapo wanakijiji wangetengeneza uwanja wa nyasi. Iliundwa kamati ya watu tisa. Kamati ilikutana mara sita, na mara tano ilijadili nani atakaa kiti cha mbele siku ya kuipokea ndege ya kwanza. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwikwabe, alitaka uwanja uelekee ofisi yake.

"Ndege haisomi kibao cha ofisi," alisema Mwalimu Kornelio. "Hutua ikiukabili upepo. Upepo wa ubavuni huisukuma nje ya uwanja. Tupime asubuhi na alasiri kwa miezi miwili, ndipo tuchimbe."

Mwalimu Kornelio alifundisha hesabu. Zamani alisoma nadharia ya urukaji katika chuo cha ufundi, lakini hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Kwa hiyo wanafunzi walimwita Rubani wa Ubaoni, akiwa hasikii.

Bhoke alichaguliwa kupima kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kwa sababu hakuwahi kushikwa na uongo, jambo ambalo si sawa na kutosema uongo. Kilima kilikuwa mwendo wa nusu saa. Asubuhi alipanda kwa moyo, kwa kuwa mpimaji alisamehewa kufagia uwanja wa shule. Alasiri hapakuwa na msamaha wowote wa kupata. Alipanda alasiri tisa, akaacha. Tangu siku hiyo, alichoandika asubuhi alikinakili kwenye mstari wa alasiri. Asubuhi upepo ulitoka kusini, upande wa mto Mara. Daftari likasema kwamba alasiri nao ulitoka mtoni.

"Leo tena huendi?" rafiki yake Mokami alimwuliza, mpira wa rede mkononi.

"Upepo wa asubuhi ndio huo huo wa alasiri. Au unadhani unahama nyumba?"

"Na Rubani akijua?"

"Atajuaje? Yeye mwenyewe ndege ameiona kwenye karatasi."

Walicheka, wakaenda kucheza.

Ijumaa tarehe 1 Agosti Bhoke alikabidhi daftari mbele ya kamati. Mwalimu Kornelio alifunua kurasa polepole, akatia alama ndogo nyekundu kwenye ukurasa mmoja. Mzee Mwikwabe hakuhitaji kufunua kurasa. Alisikia kwamba karibu upepo wote ulitoka mtoni, na ofisi yake ilikuwa upande huo huo. Akatangaza palepale kwamba kazi ingeanza Jumatatu, watu mia mbili, kila mmoja na jembe lake.

Jioni hiyo Bhoke alimkuta mama yake, Waisiko, akikaza mpini wa jembe.

"Mtachimba siku ngapi, mama?"

"Kumi na mbili, wanasema. Na ulezi bado uko shambani."

"Na uwanja ukikaa vibaya?"

"Utakaaje vibaya? Si ninyi mmepima?" Mama aligonga mpini chini mara mbili. "Mwaka jana tulimbeba jirani yetu Agustina, akiwa na uchungu wa kuzaa, kwa kitanda mpaka Tarime, tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Yeye alifika mzima. Mtoto hakufika. Uwanja huu nitauchimba hata peke yangu."

Jumamosi saa tisa Bhoke alipanda kilima. Kitambaa kilielekea mashariki. Alingoja nusu saa, na kitambaa hakikugeuka. Jumapili baada ya ibada alipanda tena, akakikuta vilevile. Daftari lilisema jambo moja na kitambaa kikasema jingine, na kitambaa hakikuwa na sababu ya kudanganya.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kornelio, aliyekuwa akipukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema." Hakumpa kiti.

"Upepo wa alasiri hautoki mtoni. Unatoka ziwani. Mimi alasiri nilipima mara tisa tu. Nyingine niliandika."

"Ulizitunga."

"Nilizitunga, mwalimu."

Mwalimu aliingia ndani, akarudi na daftari, akalifungua penye alama nyekundu. "Tarehe sita, saba na nane Julai. Upepo umetoka mtoni asubuhi, umetoka mtoni alasiri. Mlingoti ulikuwa wapi siku hizo?"

Bhoke alifikiri. Ilikuwa sikukuu ya Saba Saba. Vijana waliung'oa mlingoti wakaufanya mwamba wa goli, na siku hizo yeye hakupanda kilima hata asubuhi.

"Ulikuwa golini, mwalimu."

"Siku tatu umesoma upepo kwenye goli. Nani alifunga?"

Bhoke aliinamisha kichwa.

"Ulijua tangu Ijumaa, mwalimu?" aliuliza.

"Nilijua. Nilikuwa nakungoja mpaka kesho saa moja asubuhi. Baada ya hapo ningesema mimi." Aliweka gunzi chini. "Chuoni tulikuwa na wakufunzi wawili wa nadharia. Bwana Heche alituchekesha, na majibu ya mtihani alitupa wiki moja kabla. Tulimpenda. Bwana Kisyeri hakumsifu mtu. Tulimchukia. Kulikuwa na sanduku la upepo, feni upande huu, bawa dogo katikati, kipimo pembeni. Muhula mzima Heche aliandika ubaoni namba za kipimo kile, nasi tukanakili kama kasuku. Siku moja Kisyeri akaingia, akafungua kifuniko cha kipimo. Hakikuwa na mshale. Ulivunjika mwaka uliotangulia."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Futeni.' Tukafuta muhula mzima. Miaka kumi imepita. Vichekesho vya Heche navikumbuka vyote, na hakuna hata kimoja kilichonifaa kazini. Neno moja la Kisyeri ninalitumia kila siku." Akachukua hindi jingine. "Mimi niliona kwamba mshale haupo kabla yake. Sikusema, kwa sababu Heche alinipenda. Kwa hiyo usidhani wewe ndiwe wa kwanza. Kesho utasimama mbele ya watu usome siku ulizopima kweli. Nyingine futa."

Jumatatu saa moja asubuhi Bhoke alisimama mbele ya watu mia mbili wenye majembe, akasoma alasiri tisa kati ya sitini na moja, akakiri kwamba nyingine alikuwa akicheza rede.

"Kumbe tumeacha ulezi kuja kusikiliza habari za rede," alisema Mzee Mwikwabe.

"Mzee, tumepoteza asubuhi moja. Zingekuwa siku kumi na mbili," alijibu Mwalimu Kornelio. "Na katika kamati yako ya watu tisa, nani alipanda kilima hata mara moja?"

Kazi ikaahirishwa mpaka upepo upimwe upya. Watu walitawanyika. Waisiko alipita karibu na binti yake, jembe begani, bila kumtazama.

Bhoke alipima alasiri ishirini na moja zaidi, Mokami akiwa shahidi, kila mmoja akitia sahihi yake. Siku kumi na tisa upepo ulitoka ziwani. Siku mbili haukuvuma, na mistari hiyo iliandikwa "hakuna". Septemba, uwanja ulichimbwa kuelekea ziwani. Waisiko alifika siku zote, na siku ya tatu alimletea Bhoke uji kilimani, alikokuwa akiendelea kupima.

Mwalimu Kornelio alilirudisha daftari mbele ya shule nzima. "Uongo wa mdomo humdanganya aliyekusikia," alisema. "Uongo wa maandishi humdanganya hata mtu asiyekujua, naye huchimba, hujenga na hutua juu yake. Usipopima, acha mstari mtupu. Mstari mtupu si aibu. Aibu ni kuujaza."

Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa tisa na dakika kumi alasiri, kitambaa chekundu kilinyooka kuelekea mashariki. Ndege ilikuja kutoka mashariki, ikiukabili upepo. Wajumbe tisa wa kamati walikuwa wamepanga viti vyao vikitazama mtoni, ikawabidi kuvigeuza. Magurudumu yaligusa nyasi, na ndege ikasimama hatua arobaini kabla ya kigingi cha mwisho. Daktari alishuka na mkoba wake. Bhoke alikitazama kitambaa, akaandika saa na upepo, na Mokami akatia sahihi.