Jina Ndani ya Hedifoni

Wewe, jina lisilo lako likiitwa, utaitika?

Usijibu haraka. Diana wa Gungu naye angekuambia hapana, na Diana hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Alikuwa na saluni ya kucha, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na mume aliyejiita Injinia.

Mume ni Thobias. Uinjinia wake aliusomea kwenye video za simu, amelala chali kwenye kochi, lakini tusimdhulumu: mikono alikuwa nayo. Mwaka ule wa 2017 aliingiwa na wazimu wa kutengeneza hedifoni za wanamuziki, zile zinazozama ndani ya sikio, kila moja ikifuata umbo la sikio la mwenyewe. Alimlaza mkewe ubavu, akamjaza silikoni sikioni, ikaganda, akaitoa ikiwa imebeba kila kona na kila mkunjo. Kwa umbo lile akatengeneza ganda la plastiki ya maji, akaligandisha chini ya taa ya kukaushia kucha aliyoichukua saluni bila kuomba. Wiki nzima wateja wa Diana walikaa vidole vimenyooshwa, wakipuliza kwa midomo.

Ndani ya kila ganda iliingia spika moja, ndogo kuliko punje ya mchele. Spika hizo haziuzwi Kigoma.

"Umezipata wapi?" Diana aliuliza.

"Dar. Kuna jamaa," alisema Thobias, akaendelea kulehemu.

Kitu cha kwanza kilitokea saa nane mchana, wakati wa kupima. Fundi makini haamini masikio yake tu. Anaichomeka hedifoni kwenye kipande cha mpira chenye maikrofoni upande wa pili, anapitisha mlio kuanzia mzito hadi mwembamba, na simu inamchorea mstari. Mstari wa Thobias ulikuwa mzuri, isipokuwa kilima kimoja katikati, pale inapokaa sauti ya mtu anayeongea. Akaziba njia ya sauti kwa kipande cha sponji. Kilima kikabaki. Akaongeza kingine. Kikapanda. Mwishowe akachomoa waya kabisa, ili hedifoni isipokee chochote, na mstari wote ukalala chini, isipokuwa kile kilima, ambacho sasa kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, taratibu, kwa mwendo wa mtu mzee anayevuta pumzi.

"Simu mbovu," Thobias aliiambia meza.

Halafu akanusa moshi wa kuni. Nyumba yao ilipikia gesi.

Angeweza kuacha hapo. Lakini alishawatangazia wanakwaya wote kwamba Jumamosi wataona maajabu, na mtu aliyejipa cheo mwenyewe ana kazi kubwa ya kukilinda.

Jumamosi alasiri Diana alizivaa. Calixte, mpiga kinanda, Mrundi aliyeoa Gungu na kukaa miaka mingi, alimtania.

"Dada Diana, leo hata sisi tukikosea hutatusikia."

"Nyinyi mnakosea kila siku, na nawasikia hadi nyumbani."

Wakacheka, wimbo ukaanza. Katikati ya ubeti wa pili Diana alinyamaza. Akasimama wima, akainua mkono kama mwanafunzi, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya bibi kizee aliyekaukiwa koo.

"Ndi hano."

Vidole vya Calixte vikasimama juu ya kinanda. "Dada, Kirundi umejifunza lini?"

"Kirundi gani?"

"Umesema, niko hapa."

Diana alizibonyeza hedifoni masikioni. "Kuna mtu anaita majina kwenye kipaza sauti. Kuna upepo, kuna watoto wanalia. Anaita Nizigama Spesiosa. Ameita mara tatu. Sasa anasema hayupo, anayefuata."

Calixte alikifunga kinanda polepole.

"Huyo mama namfahamu," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa jirani wa shangazi yangu kwenye kambi ya wakimbizi. Amefariki mwezi wa tatu."

Akawaeleza. Mama huyo alikuwa hasikii hata radi. Wafadhili walimpa mashine mbili za kusikia, zikaharibika, fundi mmoja aliyepita akamwambia zimekufa. Baadaye binti yake, Armelle, akapatikana kambi nyingine, na basi likapangwa la kuwapeleka watu kwa ndugu zao. Spesiosa alifika uwanjani mapema, begi mapajani. Kama msoma majina angesimama mbele yake, angemsoma midomo, lakini kipaza sauti kilichotundikwa kwenye nguzo hakina midomo. Kuuliza kila dakika aliona aibu. Aliitwa mara tatu akiwa amekaa mstari wa mbele. Basi likaondoka.

"Hakulia," alisema Calixte. "Aliacha kula tu."

Thobias alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Siku hiyo alivaa ndala.

Zilivuliwa hedifoni, lakini sauti haikuvuliwa. Tangu jioni ile Diana hakulisikia jina lake. Ungesimama nyuma yake saluni ukaita Diana, Diana, mama wee, angeendelea kupaka rangi ya kucha. Ila mtu akinong'ona Nizigama huko uani, aliweka brashi chini na kutoka. Thobias alizipeleka hedifoni Katonga, akazitupa ziwani mbele ya wauza dagaa, akarudi anapiga mluzi. Alimkuta mkewe amekaa kwenye benchi la mlangoni, begi mapajani, masikio matupu, anasikiliza. Nguo zake zilinuka moshi wa kuni. Na Thobias alipopiga magoti mbele yake akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu wachumbiane, hata yale ambayo mwanamume haruhusu majirani wayasikie, yule mwanamke alimtazama midomo, midomo tu, kwa juhudi na kwa aibu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Ndipo akaitwa Mzee Hamdani kutoka Ujiji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kilicholeta haya kimetoka wapi?"

"Dar, Mzee. Kuna jamaa."

Mzee akatia ubani kwenye kaa la moto. Haukutoa moshi hata kidogo. Akauliza tena.

"Niliokota sokoni."

Kaa likazimika. Mzee Hamdani akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyenakili mtihani pamoja na jina la mwenzake.

"Kijana, mimi nimetoa majini wa ziwani na wa makaburini, na wengine waliotumwa kwa wivu tu. Wana adabu zao, ukiwasomea wanajieleza. Huyu hana shida na mimi. Huyu alidanganywa, na anasubiri aliyemdanganya aseme. Mimi sina dawa yake." Alikusanya vitu vyake. "Jua likizama atapanda basi lake. Kitakachobaki kwenye hili benchi mtakizika."

Jua lilikuwa limeshakaribia milima ya Kongo. Wateja wa saluni walijipanga kwenye ua, wengine mkono mmoja umepakwa rangi na mwingine bado. Calixte alishika bega la Diana, nalo lilikuwa la baridi.

"Thobias," alinong'ona, "kama kuna neno, liseme, ndugu yangu. Tafadhali."

"Nitasema nini? Mimi ni injinia, si mganga!"

Diana akasimama. Alilishika begi kwa mikono miwili, akaanza kutembea kuelekea barabarani, ambako hapakuwa na basi ila mngurumo wa basi ulisikika kwa kila mtu, na vumbi likainuka bila gurudumu, na mlango usioonekana ukafunguka kwa mlio wa bati, na kwa kila hatua uso wake ulizidi kuwa wa mtu mwingine, mashavu yakibonyea, macho yakififia, hadi Thobias, aliyekuwa anatazama watu wanavyomtazama, akihesabu bado nani atamheshimu kesho, aliona mguu wa mkewe ukiinuka kukanyaga ngazi ya hewa, na kitu ndani yake kikakatika.

"Zilikuwa nzima!" alipiga kelele. "Mama Spesiosa, zilikuwa nzima!"

Mguu ukasimama hewani.

"Sema yote," alisema Calixte. Hakumtazama.

"Nilikwenda kambini kutengeneza vyombo vya kanisa. Akaniletea mashine zake za kusikia. Ilikuwa kutu kidogo tu kwenye betri, ya kukwangua kwa ncha ya kisu. Nilijua ndani kuna zile spika. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba zimekufa, aniachie nikazitupe mjini." Alikuwa analia kwa pua na mdomo, mbele ya kwaya, mbele ya wateja, mbele ya Gungu yote. "Akanishukuru. Akanipa karanga kwenye kitambaa, akanifungia fundo mwenyewe zisimwagike. Niliziiba kwa mama asiyesikia. Ni mimi. Na karanga zake nilizila njiani."

Mngurumo wa basi ukakatika, mguu ukarudi chini, na Calixte alipoita "Diana," Diana akageuka.