Filamu Iliyomtoa Mzee Mogaka Sebuleni

Walikutana Daraja Mbili siku ya soko, kwenye kibanda cha muvi, kila mmoja akimnyooshea muuzaji flashi yake ajaziwe filamu.

"Hiyo usichukue," Osoro alimwambia msichana asiyemjua. "Nimeitazama jana. Watu wanakodoleana macho tu mpaka mwisho. Nilitaka kuvunja simu."

Bochaberi, sketi ya kijani na nywele za mistari, alimpima kutoka juu hadi chini. "Na nani amekuuliza, daktari wa muvi?"

Wakacheka, na kicheko kikawaponza: wakapendana. Tangu hapo, kila filamu aliyoitazama Osoro ilimfikia Bochaberi kwa sauti ya simu, pale kwenye duka la dawa alikofanya kazi: huyu shujaa kafa kijinga, yule kalia kwenye mvua kama ng'ombe aliyepotea.

"Kwani hakuna unayoipenda, babe?"

"Moja tu. Ya mpishi na mjane. Itazame na watu wa nyumbani, mpenzi. Ni safi kabisa."

Bochaberi akaamini. Jumapili mchana, huko kwao Birongo, alimketisha baba yake, Mzee Mogaka, pamoja na mama na nyanya mbele ya televisheni. Filamu ilipofika katikati, mpishi akambusu mjane, na hakumwachia haraka. Kwa Mkisii, baba na bintiye hawatazami jambo kama hilo pamoja. Mzee aliinuka, akachukua kofia, akaenda kukaa kwenye migomba hadi jioni.

Jumatatu simu ya Osoro ikalia.

"Baba amejua ni wewe uliyeichagua ile filamu, amekataa. Watu wako wasije kuleta posa."

"Kwa busu moja? Bochaberi, hilo busu ndilo moyo wa hadithi! Mjane hakuwa ameguswa tangu mumewe..."

"Osoro! Umesikia nilichosema?"

"Nitakuja nimweleze mwenyewe."

"Umweleze baba yangu busu? Wewe ni mwendawazimu? Hapo ndipo utakaponikosa kabisa."

Akakata. Osoro akatupa simu kitandani. Wiki hiyo alijaribu filamu tatu na zote zikamuudhi. Mwanamume anakimbia, anapiga magoti, anasamehewa. Waongo! Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkwe.

Siku ya Alhamisi, Bochaberi alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imepoa.

"Nyanya amemkalisha baba. Yeye hana haya na sisi wajukuu, na baba ni mtoto wake. Amemuuliza baba kama anadhani yeye mwenyewe aliokotwa mtoni."

Osoro akacheka kwa nguvu.

"Usicheke. Baba amekubali, mje Jumapili. Lakini neno muvi lisitoke kinywani mwako."

"Na akiniuliza yeye?"

"Hata akikuuliza, dear. Nakuomba."

Jumapili, sebuleni kwa Mzee Mogaka, Osoro aliketi kati ya wajomba zake, suti ya kijivu ikimbana mabega. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kisha Mzee Mogaka akaweka kikombe chini.

"Kijana, nasikia wewe ni mjuzi wa filamu."

Mlangoni, Bochaberi alisimama na birika. Osoro alikuwa na jibu, refu na zuri, nalo lilimchoma koo kama chai ya moto. Akalimeza lote.

"Hapana, Mzee. Mimi nimekuja kwa ajili ya Bochaberi."

Mzee akamgeukia binti yake.

"Mwongezee chai."