Kidokezo Kilichofutwa cha Duara la Nne

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Nyamizi aliondoa kitenge kilichofunika kompyuta, akakikung'uta nje ya mlango, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya kiti. Kisha alisubiri jenereta lingurume. Vumbi la mgodi wa Igulumo, kwenye njia ya kutoka Kahama kwenda Geita, liliingia mpaka kwenye sukari. Bila kitenge, mashine ile isingemaliza mwezi.

Jumatatu ya tarehe 23 Agosti 1999 alikikung'uta kitenge kama kawaida. Jenereta likanguruma. Alipofungua programu aliyoiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, aligundua kwamba ameibiwa.

Hakikuibwa chombo chochote. Yaliibwa maneno.

Alikuwa bado ameinamia kioo wakati polisi wawili walipoingia. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mrefu, amevaa sketi ya kahawia na viatu vilivyojaa vumbi.

"Nyamizi Shija?"

"Ndiyo. Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mimi ni Inspekta Zipora, Idara ya Upelelezi, Shinyanga. Huyu ni Koplo Masalu. Ondoa mikono kwenye mashine."

Nyamizi aliiondoa.

Alhamisi iliyopita Duara la Nne, shimo lililokuwa likitoa dhahabu nyingi kuliko mengine yote ya Igulumo, lilibomoka. Mchimbaji mmoja, Jilala, alifukiwa. Walimtoa jioni akiwa maiti. Daktari aliandika kwamba kifua kilibanwa akakosa pumzi.

Magogo yaliyoshikilia kuta za duara lile hayakuwa yamekaguliwa kwa zaidi ya wiki sita. Sheria ya mgodi ilikuwa ukaguzi kila baada ya wiki mbili. Na kazi ya programu ya Nyamizi ilikuwa hiyo hasa: kila asubuhi kutazama tarehe za ukaguzi, kisha kuchapa orodha ya wanaoruhusiwa kushuka. Duara ambalo tarehe yake imepita lilipaswa kukosa orodha. Alhamisi ile Duara la Nne lilipata orodha, na jina la kwanza lilikuwa la Jilala.

"Programu yako ilimruhusu," alisema Inspekta Zipora.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliondoa mistari ya ukaguzi."

Koplo Masalu aliacha kuandika. Inspekta alivuta kiti, akakalia kitenge bila kukiona.

"Uliondoa mwenyewe?"

"Niliamriwa."

"Sauti, binti. Sitaandika mnong'ono."

"Niliamriwa na Meneja Donatus. Tarehe tisa. Nikaandika hapa, mahali pa mistari niliyoiondoa, nani ameniamuru na lini." Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Sasa hakuna. Mtu amevifuta vidokezo vyangu."

"Hicho kidokezo kilisema nini hasa?"

Nyamizi alifungua mdomo. Mlango nao ukafunguka, na Meneja Donatus akaingia, mtu mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya mgodi mkononi. Nyamizi akaufunga mdomo.

"Poleni na safari, afande! Msiba mkubwa huu. Nilimpa huyu mtoto kazi ngumu kuliko umri wake, ndiyo kosa langu."

"Anasema ulimwamuru aondoe ukaguzi."

"Mimi?" Meneja alicheka kwa huzuni. "Afande, kompyuta hiyo hata kuiwasha siwezi. Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe. Nitamwamuru nini?"

Inspekta alimtazama Nyamizi. Nyamizi alikuwa anatazama sakafu.

Mchana huo Nyamizi alisafirishwa mpaka mahabusu ya Shinyanga kwa tuhuma za uzembe uliosababisha kifo. Mkuu wa upelelezi wa wilaya hakuficha haraka yake.

"Amekiri kuondoa, Zipora. Unatafuta nini tena?"

"Amekiri nusu, mzee. Nusu nyingine imefutwa."

"Alhamisi jalada liwe mezani kwangu."

Zilibaki siku tatu.

* * *

Jumanne asubuhi Inspekta Zipora alipeleka disketi yenye nakala ya programu mtaa wa Kambarage, kwa Tahera, aliyekuwa na chuo kidogo cha kompyuta nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Nyamizi alijifunza pale kabla ya kwenda chuo Dar es Salaam.

Tahera alivaa miwani, akasoma kwa muda mrefu.

"Hii ni sehemu inayokwenda kwenye hifadhidata," alisema hatimaye. "Chukulia hifadhidata ni ghala. Kurasa anazoziona karani ni dirisha la mbele. Sehemu hii ndiyo mtumishi anayetumwa ghalani kuchukua tarehe na majina."

"Na vidokezo?"

"Ni maneno anayoandika mtu kwa ajili ya mtu mwingine. 'Hapa nimefanya hivi kwa sababu hii.' Mashine inavipita tu, haivisomi."

"Kwa hiyo ukivifuta, programu haibadiliki."

"Haibadiliki hata kidogo."

Inspekta alivuta kiti karibu. Kisha akasema, "Basi aliyevifuta hakuwa anaiogopa mashine. Alikuwa anamwogopa msomaji."

Tahera aligeuza kioo upande wake. "Tazama. Amefuta vingi, na vilivyobaki amevipanga vizuri, vimekaa kwenye mstari mmoja. Kama mtu aliyekuwa anafanya usafi. Lakini Nyamizi hakuwahi kuwa na haja ya usafi huo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Anaandika vidokezo kama anayekuandikia barua, kila kimoja na tarehe."

"Amefuta vingi ili kimoja kisionekane?"

"Mimi ni mwalimu, afande. Hilo sema wewe." Alitabasamu. "Lakini saa ninayo. Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumamosi, tarehe 21, saa nane na dakika hamsini mchana."

Inspekta aliandika saa ile, akaipigia mstari mara mbili. Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka.

"Tahera, una wanafunzi wengi kutoka migodini?"

"Wachache. Mwaka jana alikuja bosi wake Nyamizi. Miezi mitatu, masomo ya jioni. Alikaa kiti cha mbele."

"Donatus?"

"Mwanafunzi mzuri. Anaandika kwa vidole viwili, lakini hakosei."

* * *

Jumatano saa mbili asubuhi Land Rover ya polisi ilikuwa tena Igulumo. Inspekta Zipora alianza na mlinzi wa geti.

"Jumamosi mchana jenereta liliwashwa?"

"Jumamosi mchana haliwashwi, afande. Ila ile liliwashwa. Mimi nilishangaa, watu wote wako mazikoni. Meneja akasema anataka kusikiliza mpira kwenye redio."

"Redio yake inatumia jenereta?"

Mlinzi alifikiri. "Inatumia betri," alisema polepole, kama mtu anayejisikia mwenyewe.

Koplo Masalu, aliyetumwa kijijini, alirudi na mengine. Jilala alizikwa Jumamosi, saa nane. Kijiji kizima kilikuwepo. Nyamizi alibeba maji tangu asubuhi, akakaa na akina mama mpaka jioni.

"Na meneja?"

"Aliondoka kabla ya udongo, afande. Wazee wamekasirika mpaka leo. Wanasema, mtu kafa kwenye shimo lako, unaacha kumtupia hata kiganja cha udongo?"

Inspekta alitikisa kichwa. Ilikuwa dalili nzuri, lakini si ushahidi wa kumfunga mtu. Kufuta vidokezo si kosa. Donatus angesema alikuwa anafanya usafi. Walihitaji kile kilichofutwa.

Aliingia ofisini. Mfagizi, Serafina, alikuwa anamwagia sakafu maji kuzuia vumbi. Kwenye kona ya stoo palikuwa na alama ya mraba, sakafu safi kuliko kwingine.

"Hapa palikaa nini, mama?"

"Maboksi ya karatasi. Zile ndefu zenye matundu pembeni. Nyamizi alikuwa anachapa programu yake yote kila Ijumaa, anasema umeme si wa kuamini."

"Ziko wapi?"

"Meneja aliniambia nizichome. Jumamosi jioni."

Inspekta alimtazama. Mama yake mwenyewe aliuza karanga sokoni Didia kwa miaka ishirini. Utoto wake wote ulipita akikunja karatasi za watu wa ofisini kuwa vifuko.

"Serafina," alisema kwa sauti ya chini, "ulizichoma?"

Serafina aliegemea fagio. "Afande, karatasi nyeupe hivi, upande mmoja mtupu, nani achome? Mimi hupeleka kwa Mama Limi anafungia maandazi."

"Mama Limi ni nani?"

"Mke wa Jilala."

* * *

Nyumba ya msiba bado ilikuwa na majamvi uani. Mama Limi alikaa akiegemea ukuta, kanga imemfunika mpaka paji la uso, binti yake amelala mapajani. Inspekta alivua viatu, akachuchumaa mbele yake, akamsalimu Kisukuma kama mama.

"Mwangaluka, mayu. Pole sana."

"Mwangaluka. Nimeshapoa."

"Serafina alikuletea karatasi Jumamosi."

"Zimo ndani ya kapu. Sijazigusa. Sijapika maandazi tangu Alhamisi."

Inspekta alishusha pumzi. Siku nyingine yoyote karatasi zile zingekuwa zimeshasambaa barabarani, zimelowa mafuta. Msiba ndio uliozitunza.

Walizifungua uani, mita kwa mita, Koplo Masalu akishika ncha moja na Inspekta nyingine. Chapa ya Ijumaa, tarehe 13 Agosti, ilikuwa chini kabisa. Inspekta alisoma kidokezo mara mbili, akakunja karatasi.

"Inasemaje?" aliuliza Mama Limi.

"Itasemwa leo, mayu. Njoo nasi."

Mama Limi hakusimama mara moja. "Zamani alikuwa anagonga magogo mwenyewe kabla ya kushuka," alisema. "Kila siku. Ilipokuja kompyuta akaacha. Asubuhi ile nilimuuliza, umetazama magogo? Akanicheka. Akasema, mke wangu, kompyuta imekubali."

* * *

Nyamizi aliletwa kutoka Shinyanga alasiri, mikono bila pingu. Aliketi kwenye benchi la ofisi, macho sakafuni. Mama Limi alikaa upande wa pili. Meneja Donatus alisimama kando ya dirisha.

"Jumamosi saa nane mchana ulikuwa wapi, Meneja?" aliuliza Inspekta.

"Mazikoni, kama kila mtu."

"Uliondoka kabla ya udongo."

"Niliumwa kichwa."

"Ukawasha jenereta."

"Kusikiliza mpira."

"Kwa redio ya betri?"

Meneja aligeukia dirisha.

"Tahera wa Kambarage anakusalimu. Anasema ulikaa kiti cha mbele."

Meneja alivua kofia, akaiweka mezani. Aliitazama kompyuta, kisha karatasi ndefu iliyokunjwa mkononi mwa Inspekta, yenye matundu pembeni. Uchangamfu ulimtoka wote kwa mara moja.

"Nilisema zichomwe," alinong'ona.

"Sauti, mzee. Sitaandika mnong'ono."

Donatus aligeuka kwa hasira. "Ndiyo, nilivifuta! Aliniambia siku ile ile ya ajali, 'nimeandika.' Ningefanya nini? Wageni wenye mtaji walikuwa wanakuja tarehe ishirini. Niliwaahidi Duara la Nne, nalo lilikuwa limekosa orodha wiki tatu. Niliache limefungwa, niwaonyeshe shimo tupu? Wangeondoka, na mgodi wote ungekufa, watu mia mbili! Na mimi nirudi nyuma ya ng'ombe? Migodi mingine yote huku nani anakagua magogo? Hakuna!"

"Kwa hiyo ulimwamuru aondoe ukaguzi."

"Kwa wiki mbili tu. Sikumuua mtu. Udongo ndio ulioua."

Mama Limi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeguswa kidonda. Donatus hakumtazama. Alimgeukia Nyamizi, na sauti yake ikawa laini.

"Mwanangu, wewe unanijua. Nilikuajiri wakati hakuna aliyetaka msichana kwenye mgodi. Sema tu hukunielewa vizuri. Nilisema upunguze, wewe ukaondoa. Tukisema hivyo wote tunapona. Wewe ni msomi, unajua. Karatasi ni karatasi, neno lako ndilo litakalosikilizwa."

Inspekta aliona msichana akizidi kuinamisha kichwa. Hakumsaidia. Aliifungua karatasi, akaiweka juu ya magoti ya msichana.

"Isome, Nyamizi."

Nyamizi aliishika. Alianza kwa sauti isiyofika mezani.

"'Tarehe tisa Agosti. Nimeondoa ukaguzi wa magogo kwa amri ya Meneja Donatus. Duara la Nne lina...'" Alisita. Alimtazama Mama Limi, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akasimama, na sauti ikapanda. "'Duara la Nne lina wiki tano bila kukaguliwa. Sikubaliani na amri hii.'"

"Nyamizi," alisema Donatus.

"Nilikuelewa, Meneja. Nilikuelewa vizuri siku ile. Nikaogopa, nikaliandika neno langu mahali ambapo mashine haisomi na mtu hapiti, nikarudi nyumbani nikijiona nimesema." Machozi yalimtoka, lakini hakuyafuta na hakuinamisha kichwa. "Mama Limi, nisamehe. Nilitakiwa kusema kwa mdomo. Nishtakiwe kwa hilo, nitajibu. Lakini uongo wake sitausaini."

Alimgeukia meneja, akamtazama machoni.

"Hapana," alisema, kwa nguvu mpaka mlinzi wa geti akageuka. "Hapana, Meneja. Ndilo neno nililokuwa nalo tangu tarehe tisa. Hapana."