Mlio wa Pili

Duka la kamera lilijaa hadi mlangoni, ingawa wengi hawakuja kununua kitu. Kamera mpya ilikuwa imetangazwa. Ilionyeshwa kwenye skrini ukutani, na wapigapicha wa mji mzima waliikodolea macho kama wenye njaa wanaotazama chungu. Mmoja wao alirudi nyuma ili aone vizuri, akamkanyaga dada mmoja aliyevaa gauni la bluu lenye mikono mipana, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni.

"Samahani, sikukuona."

"Utanionaje na macho umeyabandika ukutani? Mimi nimefuata chaja tu."

"Ile haina mlio kabisa," akamweleza, kana kwamba ameulizwa. "Inapiga kimyakimya."

"Basi inakushinda wewe kwa kunyamaza."

Mpigapicha akacheka hadi akaisahau skrini. Alipotoka dukani alikuwa na namba ya simu ya fundi cherehani huyo, na jina la utani alilompa palepale: Sindano.

Sindano aliishi na mama yake nyuma ya chumba cha kushonea. Mama alikuwa haoni kwa miaka mingi, lakini kila kifungo kilichotoka mle alikishona yeye, kwa kupapasa. Siku mpigapicha alipomwelekezea kamera kwa mara ya kwanza, kamera yake kuukuu ililia *kracha*, ndipo mama akainua kidevu na kutabasamu. Picha ilikuwa imeshampita. Ikabidi afyatue tena. Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida yao, mlio wa kwanza wa hodi, wa pili wa picha.

"Umebisha, mwanangu?" mama humuuliza.

"Nimebisha, mama. Sasa naingia."

Mapenzi yakakolea, posa ikapokelewa, Sindano akaanza kushona gauni lake mwenyewe. Asubuhi moja mpigapicha alimpigia simu.

"Mpenzi, ile kamera imefika. Dukani wanachukua hii yangu, naongezea kidogo. Nibadilishe, nisibadilishe?"

"Mama ameshaizoea hiyo."

"Najua. Lakini maharusi wananilalamikia. Watu wanakula viapo, mimi kracha, kracha, kama mlango wa kabati."

"Kazi ni yako, roho yangu. Ila mama anaingia hospitali wiki hii, na anataka picha na mimi, nimevaa gauni. Usimsahau."

"Nitamsahauje? Nitambishia kwa mdomo."

Akabadilisha. Siku ya picha alifika akiwa amejaa furaha. Mama alikaa kwenye kiti chake kando ya cherehani, kitenge kipya mabegani, mkono juu ya vifungo vya gauni jeupe alivyovishona yeye. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri ajabu. Mpigapicha akapiga, akazunguka, akapiga tena, akishangaa jinsi kamera inavyoshika kila uzi wa shela. Alinogewa. Hakusema neno.

"Mwanangu, bado?" mama akauliza mwishowe.

"Nimeshamaliza, mama. Ni picha nzuri mno."

"Ah," mama akasema, na mkono wake ukateleza kutoka kwenye gauni. "Sikusikia hodi."

Akamwomba radhi, akataka kurudia, lakini gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeshafika. Mama hakurudi kutoka chumba cha upasuaji.

Baada ya mazishi waliziangalia picha pamoja. Zote zilikuwa safi. Katika kila moja mama ameinamisha sikio kidogo, midomo iko tayari, anasubiri. Sindano alizitazama mpaka ya mwisho, kisha akaenda zake bila kuaga, na simu za mpigapicha hakuzipokea tena.

Mpigapicha alirudi dukani kuitafuta kamera kuukuu. Ilikuwa imeshauzwa. Akaanza kuchokonoa hii mpya, na kwenye mipangilio yake akakuta mahali palipoandikwa sauti ya kufyatua, imezimwa. Kumbe ilikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Alilia mbele ya wateja, wala hakujificha.

Alimkuta Sindano katika chumba chake cha kushonea, amevaa nguo nyeusi isiyo na kifungo hata kimoja.

"Ina mlio," akamwambia. "Nimeuwasha. Nisamehe."

Sindano akaenda kukaa kwenye kiti cha mama, akafumba macho.

"Uzime. Nipige kama ulivyompiga."

"Mpenzi, usinifanyie hivyo."

"Nataka kujua."

Akauzima. Akainua kamera. Sindano akainamisha sikio vilevile, midomo tayari, na kidole cha mpigapicha kikakataa kabisa. Nje pikipiki zilipita, mtu akamwita mwenzake, chumba kikabaki kimya. Machozi yakachirizika chini ya kope zilizofumbwa.

"Umepiga?"

"Sijaweza."

Akafumbua macho. "Kumbe alisubiri muda mrefu hivi."

Mpigapicha akapiga magoti kando ya kiti. Sindano akamshika kichwa, akakibembeleza.

"Nakupenda bado, na ndiyo shida yenyewe," akasema. "Kila ukishika kamera nitamwona mama. Nami siwezi kukuambia uache kazi."

"Nitaacha."

"Usiache. Ila wabishie watu hodi."

Akamsindikiza hadi mlangoni, akamtengenezea kola ya shati kama alivyozoea. Mpigapicha alipofika barabarani alisikia cherehani ikianza kushona, akasimama kuisikiliza mpaka iliponyamaza.