Chumvi ya Musoki

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Delphin, na hata mwenyewe sasa hakatai. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, pale Bunia, alimsaidia mama yake kufunga juisi ya marakuja, yaani pasheni, ndani ya vifuko na kuvipanga kwenye frigo. Ikifika saa sita, vimekuwa vigumu kama mawe na wateja wanavigombania. Kwa hiyo Madamu Hélène, mwalimu wa darasa la sita, alipotangaza somo juu ya aiskrimu, Delphin alikwisha kujiona amesimama mbele ya wenzake.

Lakini aliyeitwa kuongoza somo ni Musoki, msichana aliyehamia kutoka Komanda mwaka uliopita. Delphin akaambiwa alete barafu tu.

"Kwao hata frigo hakuna!" alimnong'oneza jirani yake, Guelord.

"Lakini kichwa iko," Guelord akacheka, akigusa kipaji cha uso.

Maneno hayo yalimkaa Delphin kooni kama mwiba wa samaki. Wakati wa mapumziko alirudi darasani peke yake. Mezani palikuwa na ndoo, kopo la maziwa yenye sukari, na pakiti ya chumvi aliyoileta Musoki. Delphin akachota konzi mbili za chumvi, akazikoroga ndani ya maziwa, akatoka akipiga mluzi.

Somo likaanza. "Zamani hakukuwa na frigo," Musoki alieleza. "Watu walichukua theluji milimani, kama ile ya Ruwenzori, wakaichanganya na asali au maji ya matunda. Maziwa yalikuja baadaye, watu walipojua kwamba chumvi ikiwekwa kwenye barafu, baridi inazidi."

Akalifunika kopo, akalizungushia barafu na chumvi ndani ya ndoo, akaanza kulizungusha. Akazungusha mpaka mikono ikamuuma. Maziwa yakagoma kuganda. Watoto wakaanza kucheka, na macho ya Musoki yakajaa machozi.

"Labda yamebaki kidogo tu yagande," alisema Madamu. "Delphin, weye ulituletea barafu. Onja kwanza."

"Hapana, Madamu! Miye sipendi chumvi."

Darasa zima likamgeukia. Musoki akapangusa macho.

"Chumvi iko mu ndoo," alisema polepole. "Ya mu maziwa, weye uliijua namna gani?"

Guelord alijiziba mdomo ili asicheke. Delphin akatazama vidole vya miguu yake, kisha akasema yote.

"Chumvi ikiingia ndani ya maziwa, inayazuia kuganda," Madamu alisema, lakini hakumchapa. Alimtuma nyumbani mbio, amweleze mama yake kosa lake na kumwomba juisi ya marakuja isiyoganda bado, na barafu nyingine. Mama alimkemea, lakini juisi akatoa. Kopo likaoshwa, juisi ikatiwa ndani, barafu ikaongezwa kwenye ndoo, chumvi iliyobaki ikamwagwa juu yake, na safari hii Delphin ndiye aliyezungusha kopo, huku Musoki akimwambia, "Kaza, usipumzike!" Baada ya nusu saa juisi ikaganda, laini na ya manjano. Kila mtoto akapata kijiko chake.

Delphin alilamba kijiko, lakini wivu ulikuwa bado unamwasha.

"Lakini Madamu, barafu ni ya kwetu, juisi ni ya kwetu. Kwa nini sifa zote ni za Musoki?"

"Barafu na juisi ni vya mama yako," alijibu Madamu Hélène. "Akili ni ya Musoki, na hata chumvi ilikuwa yake. Chako weye ulicholeta leo ni wivu tu, na huo hakuna aliyeuomba."